Mgongo wa Bukari kwenye Dirisha la Katuba

Katika nyumba za zamani za Katuba, mtaa wa mji ulioitwa zamani Élisabethville, zile zilizojengwa kwa matofali ya udongo wa kichuguu kabla ya uhuru, bado utakuta madirisha machache yenye vyuma vya namna ya pekee. Fito zimesimama wima kama kwenye dirisha lolote, lakini ule ufito wa chini kabisa, unaolala karibu na kizingiti, haukunyooka. Katikati umeinuka kama kilima kidogo, kisha umeshuka tena upande wa pili. Vijana wanaopita hudhani ni pambo. Wengine husema chuma kiligongwa na gari. Mama Wivine, ambaye ameishi jirani na dirisha la kwanza la namna hiyo tangu alipokuwa bibi arusi wa miaka ishirini, hucheka anaposikia maneno hayo. Ndiye aliyenieleza habari za Feruzi, fundi wa vyuma, nami naziandika hapa kama alivyonipa.

Feruzi alizaliwa karibu na Kasongo, katika Maniema, kwa watu waliosali msikitini na kulima mpunga. Alifika Élisabethville mwaka wa 1927, akiwa kijana mwembamba mwenye kofia nyeupe ya kushonwa kwa mkono, akapata kazi katika karakana ya reli. Miaka kumi na minane alisimama mbele ya moto, akinyoosha vyuma vilivyopinda na kupinda vilivyonyooka. Huko alijifunza kutoboa chuma kikiwa chekundu, kupitisha ufito ndani ya tundu bila kutumia msumari, na kuupasua mwisho wa ufito uwe kama mkia wa mbayuwayu, ili ukishafukiwa ndani ya saruji mtu asiweze tena kuuvuta.

Jumamosi alasiri alikuwa akiitwa katika nyumba za Wazungu mjini kuweka vyuma kwenye madirisha ya stoo na ya jikoni. Aliifanya kazi hiyo vizuri, lakini hakuipenda. Alisema madirisha yale hayakuwa na harufu.

"Ku Bazungu, dirisha ni ya kuangalia inje tu," alimwambia Mama Wivine siku moja. "Hakuna muntu anayekuita kupitia mule."

Mke wake, Amida, alifariki mwaka wa 1944. Hawakujaliwa mtoto. Mwaka uliofuata aliondoka karakana, akafungua kiwanda chake mwenyewe: fuawe moja, mvukuto mmoja wa ngozi, na paa la mabati lililotobolewa na cheche mpaka, wakati wa mvua, akawa anajua mahali pa kusimama na mahali pa kutosimama. Katuba ilipoanza kugawanywa viwanja, na watu kuhamia huko na mikokoteni iliyojaa vitanda na sufuria, Feruzi alihama nao.

Mama Wivine anapoikumbuka Katuba ya miaka ile, kwanza anakumbuka moshi. Kila mtaa ulikuwa na tanuri la matofali. Vichuguu vilivyosimama pale kabla ya watu vilivunjwa kimoja kimoja, vikachanganywa na maji, vikafinyangwa, vikachomwa, vikageuka kuwa kuta za nyumba. Jioni moshi mwekundu ulilala chini, na watu walitembea ndani yake wakisalimiana kabla hawajaonana, kwa sauti tu. Barabara hazikuwa na majina. Ukimwuliza mtu njia, alikuambia, "Pita ku tanuri ya kwanza, halafu uliza nyumba ya dirisha ya Régine."

Maana dirisha hilo lilijulikana kuliko ofisi.

Régine alikuwa mjane. Yeye na mume wake, Liévin, walitoka Kongolo, kaskazini, na Liévin alifanya kazi ya kutengeneza njia ya reli mpaka mapafu yake yalipokataa. Alikufa mwaka mmoja baada ya kumaliza kujenga nyumba. Mtoto wao wa pekee alikuwa ametangulia miaka mingi kabla, na wote wawili walilazwa katika makaburi ya hapa hapa mjini. Huko Kongolo Régine hakubakiwa na mzazi. Alibakiwa na nyumba hii: mlango wake ulitazama nyuma, ndani ya kiwanja, na dirisha lake kubwa lilitazama barabara. Kupitia dirisha hilo alipitisha chakula cha mchana kwa waashi na wachoma matofali. Bukari, yaani ugali wa huko, sombe ya majani ya muhogo, maharagi, samaki wadogo wa kukaanga. Wateja walisimama barabarani, yeye akabaki ndani. Kwa mjane hiyo ndiyo ilikuwa heshima yake. Wanaume wangeanza kuingia kiwanjani na kula mlangoni pake, mtaa mzima ungeanza kusema.

Feruzi alikula pale kila siku baada ya sala ya adhuhuri. Alikula wali, siku zote wali, na Régine alimpikia sufuria ndogo ya peke yake. Wivine, aliyekuja kila mchana kuazima makaa au kurudisha makaa, hakuacha kumchokoza.

"Baba Feruzi, leo tena mucele? Miaka makumi mbili na tano mu Katanga, na tumbo yako ingali Kasongo?"

"Miye nilikuya na treni," alijibu Feruzi akitafuna polepole. "Tumbo ilikatala kupanda."

"Mumuache mukubwa akule," Régine alisema kutoka ndani. "Weye Wivine, bwana yako iko na njaa kule, na uko hapa unaangalia sahani ya bantu."

Hivyo ndivyo siku zilivyokwenda mpaka kiangazi cha mwaka wa 1952.

Jumapili moja ya mwezi wa tisa, Régine alikuwa kwenye misa. Aliporudi alikuta ubao wa dirisha umevunjwa. Mwizi aliingia na kutoka hapo hapo, mchana kweupe. Alichukua koti la Liévin, na saa ya ukutani ambayo Liévin alipewa kwa miaka yake ya kazi, na sufuria kubwa, na sahani zote za bati zilizopakwa rangi nyeupe, isipokuwa moja ambayo Wivine alikuwa ameiazima. Régine hakulia kwa ajili ya sufuria wala sahani. Alikaa mbele ya ule msumari mtupu ukutani, akautazama.

Kesho yake alifika Godefroid, mdogo wake Liévin. Alikuwa karani katika stesheni, mtu wa soksi nyeupe na baiskeli iliyopanguswa kila asubuhi. Hakuwa mtu mbaya. Lakini baada ya kifo cha kaka yake, karatasi ya kiwanja iliandikwa jina lake, na tangu siku hiyo aliibeba nyumba ile kichwani kama mzigo ambao ungeweza kuanguka mbele za watu. Alisimama nje, akashika mbao zilizovunjika, akatikisa kichwa.

"Shemeki, sitaki tena hii mambo," alimwambia Régine. "Dirisha kubwa vile, ku barabara, ni kukaribisha bezi. Na kama ulikuwa mu nyumba? Na kama mwizi alikukuta? Nitasema nini kule Kongolo?"

"Utasema alinikuta nikipika."

"Usicheke! Jina yangu njo iko ku karatasi." Akakunja ngumi, akaiinua mbele ya uso wa Régine, si kwa kumtisha, bali kama mtu anayeonyesha kipimo. "Sikia. Weka vyuma. Hii ngumi yangu isipite mahali popote, juu, chini, kati. Mbele ya mvua ya kwanza. Kama haiwezekani, narudisha lupango ku ofisi, na weye nakurudisha kwenu Kongolo."

Lupango ni kiwanja, na ndani ya neno hilo mlikuwa na nyumba, dirisha, na makaburi mawili yaliyokuwa mwendo wa saa moja kwa miguu.

Régine alimtuma Wivine kwa Feruzi. Fundi alikuja na kamba yake. Hapa lazima nieleze namna alivyofanya kazi. Feruzi hakuandika vipimo. Kila nyumba ilikuwa na kamba yake ya katani: fundo la kwanza lilionyesha upana wa dirisha, fundo la pili urefu wake, na mwisho wa kamba alifunga kitambaa kidogo kutoka nyumba ile ile, kipande cha kanga kuukuu au cha kaptula, ili asichanganye. Kamba hizo zilining'inia kwenye ukuta wa kiwanda chake, na mtu akiingia aliweza kuona nguo za mtaa mzima zikiwa zimefungwa mafundo.

Alipima dirisha la Régine, akafunga mafundo yake mawili, kisha akasimama akikuna kidevu.

"Mama Régine, ngumi ya shemeki yako haitapita. Ile ni kazi ndogo. Lakini sahani?"

"Sahani njo maisha yangu, fundi."

"Basi niletee sahani."

Wivine akakimbia kwake, akaleta ile moja iliyosalia. Feruzi aliilaza juu ya kizingiti, akapima kimo chake kwa kamba, akaongeza vidole viwili kwa ajili ya mkono wa Régine, akafunga fundo la tatu. Hakuwahi kufunga fundo la tatu katika nyumba yoyote. Aliieleza kazi yote pale pale: fito za wima zitashuka mpaka kwenye ufito mmoja wa kulala, na chini ya ufito huo, juu ya kizingiti, itabaki nafasi nyembamba ambamo sahani itateleza. Ngumi haiwezi kuingia humo. Sahani itaingia bila kugusa.

"Fundi uko na akili," Régine alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili akatabasamu.

Feruzi alifua vyuma siku nane. Siku ya tisa alibomoa pembe za tofali, akaingiza mikia ya mbayuwayu, akafukia kwa saruji, akafunika kwa magunia yaliyolowa. "Siku tatu," aliamuru, "hata nzi asikae hapa." Siku hizo tatu Régine hakupika. Waashi walipita, wakatazama magunia, wakaenda kula mihogo mikavu wakinung'unika kwamba Katuba imeharibika. Majirani wakamwazima Régine sahani, huyu mbili, yule tatu. Kwa mbali, upande wa Luano, mawingu yalianza kukusanyika kila alasiri.

Jumamosi adhuhuri magunia yaliondolewa. Vyuma vilikuwa vyeusi, vimenyooka, vimepakwa mafuta, na Feruzi alisimama kando yake amevaa kanzu safi. Waashi walikuwa wamekwisha kujipanga. Godefroid aliegemeza baiskeli, akavua saa yake ya mkononi, akakunja ngumi na kuijaribu kila mahali, juu, kati, pembeni. Mwisho aliinama, akajaribu ile nafasi ya chini. Ngumi ilikwama.

"Muzuri," alisema. "Muzuri sana. Comme il faut, sawasawa kabisa."

Ndani, Régine alikuwa tayari. Kwao, bukari ya shemeji haipelekwi hivi hivi. Inakusanywa sahanini, inalainishwa kwa mwiko uliochovywa majini, inazungushwa na kuzungushwa mpaka inakuwa kilima kimoja kirefu, cheupe, kisicho na ufa. Kumpa shemeji bukari iliyokatwa juu ni kumpa mabaki ya mtu mwingine. Régine alikuwa ameipika ile kwa uangalifu kuliko nyingine zote alizowahi kupika katika nyumba ile. Alishika sahani kwa mikono miwili, akaitelezesha juu ya kizingiti kuelekea nje.

Ukingo wa sahani ulitokeza. Kisha kilima kikagota chuma.

Régine alisita. Akasukuma kidogo, kwa upole, kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa. Sahani ilisogea, lakini kichwa cha bukari kilibaki ndani, kikaviringika, kikaanguka sakafuni. Kilichofika mikononi mwa Godefroid kilikuwa kimekatwa bapa kama kisiki.

Waashi walinyoosha shingo kuona. Kisha mchoma matofali mmoja kutoka nyuma akapaza sauti: "Fundi amenyoa shemeki ya bantu!"

Barabara nzima ikacheka. Godefroid peke yake hakucheka. Aliirudisha sahani juu ya kizingiti, akavaa tena saa yake.

"Voilà," alisema. "Vyuma viko muzuri. Chakula njo haipite. Basi kazi ya dirisha imekwisha, shemeki, na bila kazi hautakaa hapa. Kesho kisha misa nitakuya, tupange bintu yako. Siku ya kwanza naenda ku ofisi." Siku ya kwanza ni Jumatatu. Akapanda baiskeli, akaondoka bila kutazama nyuma.

Waashi waliacha kucheka. Mmoja wao akasema labda Régine apondeponde bukari iwe bapa, na mwenzake akamjibu papo hapo kwamba bukari ya kupondwa ni ya mgonjwa wa hospitali, yeye halipi pesa zake kwa chakula cha mgonjwa. Wakatawanyika. Feruzi alibaki amesimama, mikono ikining'inia kando ya kanzu yake safi.

"Nilipima sahani," alisema polepole. "Sikupima bukari."

"Lakini Baba Feruzi," Wivine alipiga makofi ya mshangao, "unatukuta hapa kila siku! Hauonaka bukari?"

"Naonaka. Lakini sahani yangu ni ya mucele. Mucele unalala. Nilipopima, niliona sahani yangu."

"Muntu gani anapima sahani? Sahani haikuliwi!"

Régine hakumlaumu. Alikuwa amepiga magoti ndani, akiokota kilichoanguka. Feruzi aliona juu ya kichwa chake tu, kitambaa chake cha bluu, kupitia vyuma alivyovifua mwenyewe. Mama Wivine anasema hapo ndipo uso wa fundi ulipobadilika. Alisogea mpaka dirishani, akashika fito.

"Mama Régine. Unga iko?"

"Kidogo."

"Pika ingine. Kubwa. Kama ya shemeki. Hii si ya kukula, ni ya kupima."

Akaipika. Akailainisha kama ya kwanza, akaipitisha kwa mlango wa nyuma, naye Wivine akazunguka nayo mpaka barabarani, akaiweka juu ya kizingiti. Feruzi alichukua kipande cha waya wa uzio, akaulaza juu ya kile kilima, taratibu, akaukunja kufuata mwili wake, kutoka kizingitini upande huu, kupanda, kupita juu, kushuka upande wa pili. Akaongeza kidole kimoja. Kisha akaondoka akiwa ameushika waya ule mbele yake kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Alasiri yote nyundo yake ilisikika mpaka nyumba ya tatu.

Jumapili asubuhi, kengele ya misa ilipokwisha kulia na Régine amekwenda kanisani, Feruzi alirudi na msumeno wa chuma, mbabula iliyojaa makaa, na ufito mpya uliopinda. Wivine alikosa misa siku hiyo, na mpaka leo anasema Mungu alimsamehe kwa sababu kulikuwa na jambo la kutazama. Fundi alifunika mbao za dirisha kwa magunia yaliyolowa. Alikata ufito wa chini katikati. Alifupisha fito mbili za wima zilizokuwa juu yake. Akaweka ule mgongo mpya mahali pake, miguu yake ikilala juu ya vipande viwili vilivyobaki, na akaifunga kwa ribiti zilizotoka motoni zikiwa nyekundu, akizipiga upande mmoja huku Wivine akizuia kwa nyundo nzito upande wa pili.

"Shika nguvu!"

"Nashika! Mikono yangu ni ya kupika, hapana ya reli!"

Ribiti ya mwisho ilikuwa bado na moto Régine na Godefroid walipofika kutoka kanisani. Godefroid alikuwa na kamba za kufungia masanduku mabegani. Alitazama dirisha, akatupa kamba chini, akaenda moja kwa moja kwenye ule mgongo na kuingiza ngumi yake. Ikapita. Mkono ukapita mpaka kwenye kiwiko.

"Fundi! Ngumi yangu inapita!"

"Inapita, bwana karani."

"Tulisikilizana nini?"

"Tulisikilizana mwizi asiingie." Feruzi aliweka nyundo chini. "Mukono ukipita, utakamata nini? Sufuria iko ku moto, utaungua. Mwizi anapima na kichwa. Kichwa ikipita, mabega inajikunja, muntu anapita. Kichwa ikikatala, anaenda ku nyumba ingine. Miaka kumi na munane nilifanya madirisha ya Bazungu. Angalia."

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mtu wa Katuba aliyewahi kuliona. Alivua kofia yake. Chini yake palikuwa na upara mweupe zaidi ya uso, laini, unaong'aa kwa jasho. Akainama, akaingiza kichwa chake chini ya mgongo wa chuma, akasukuma. Paji la uso likagota. Akageuza kichwa ubavu, sikio likagota. Alisukuma mpaka alama nyekundu ikajichora juu ya nyusi zake, na kichwa hakikupita.

Wivine hakuweza kujizuia. "Baba Feruzi! Kumbe bukari uliibeba weye mwenyewe, chini ya kofia!"

Régine alifunika mdomo kwa mkono. Hata Godefroid aligeuza uso upande mwingine, na mabega yake yakatikisika mara moja. Feruzi alisimama, akavaa kofia yake bila haraka, akaipapasa ikae sawa.

"Sasa, Mama Régine," alisema, "ingia mu nyumba, upike."

Godefroid aliketi juu ya rundo la matofali. Hakusema ataondoka, wala hakusema atabaki. Walingoja wote watatu, yeye, Feruzi na Wivine, wakisikia mwiko ukigonga sufuria ndani. Mawingu yalikuwa yamefunika jua. Hatimaye Régine alionekana nyuma ya vyuma, na sahani ikaanza kuteleza juu ya kizingiti. Kilima kilifika chini ya chuma. Kilipita. Kilipita chote, cheupe, kikitoa mvuke, kichwa chake hakikuguswa.

Godefroid aliipokea kwa mikono miwili. Aliiweka magotini, akaitazama kwa muda mrefu kabla ya kunawa mikono.

"Liévin alipenda ya moto vile," alisema. "Alikuwa anaungua vidole kila siku, na hakutaka kungoja."

"Alikuwa anaungua," Régine alijibu kutoka ndani.

Alikula chote. Alipomaliza, matone makubwa ya kwanza yalianza kuanguka barabarani, na vumbi likatoa harufu. Godefroid aliokota zile kamba zake, akazizungusha juu ya kiti cha nyuma cha baiskeli.

"Siku ya kwanza sitaenda ku ofisi," alisema. "Kazi iko mingi ku stesheni." Akapanda, kisha akashuka tena, akarudi dirishani. "Shemeki. Siku ya posho nitakuletea saa ya ku ukuta. Si kama ile. Lakini itasema saa."

Sahani ya pili iliyopita chini ya mgongo siku hiyo ilikuwa ya Feruzi. Ilikuwa wali. Régine alikuwa ameujaza ndani ya bakuli na kuugeuza juu ya sahani, ukasimama kilima, na tangu mchana huo hakumpa tena fundi wali uliolala.

Mvua ilipokatika, waashi walirudi. Walikula, wakatazama chuma, wakaenda nyumbani kuwaeleza wake zao. Kabla ya Noeli Feruzi alikuwa na kazi ya madirisha saba. Mama Wivine anakumbuka wanawake wa Katuba ya wakati ule wakitembea asubuhi kuelekea kiwandani, kila mmoja na sahani iliyofunikwa kitambaa kichwani, wakipeleka bukari kupimwa. Walipokutana njiani walifunua na kulinganisha. "Yako njo ndogo hivi? Bwana yako anakonda!" Kiwanda kilichokuwa kikinuka makaa na chuma tu kikaanza kunuka chakula cha moto, na kwa kuwa hakuna mwanamke aliyekubali kurudi nyumbani na bukari iliyopoa, fundi alibaki na vipimo vyote. Hivyo ndivyo Feruzi wa Kasongo alivyojifunza kula bukari, akiwa na miaka karibu hamsini. Kwa Régine, hata hivyo, aliendelea kuagiza wali.

Miaka sita alisimama mbele ya dirisha lile kila adhuhuri. Hakuingia ndani hata siku moja, wala hakuna aliyemwona akiomba kuingia. Walizungumza habari za bei ya makaa, za mvua, za Amida na Liévin. Yeye alikula, naye Régine aliegemea ndani, kiwiko chake juu ya kizingiti, karibu na ule mgongo uliokwisha kung'arishwa na sahani.

Feruzi alifariki mwaka wa 1958, kwa homa ya siku nne. Watu wa msikiti walimzika, na waliporudi kutoka makaburini walipita barabara ya kwa Régine. Siku hiyo mlango wake wa nyuma ulikuwa wazi, na mtu yeyote angeweza kuingia. Lakini yeye alikuwa dirishani. Alikuwa amepika wali tangu alfajiri, na alikuwa ameugeuza kila sahani kwa lile bakuli. Wazee wa Maniema walijipanga barabarani na kofia zao nyeupe, na sahani zikaanza kupita chini ya chuma, moja baada ya nyingine, kila kilima kizima.